Tairi Jipya la Pikipiki Sokoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mnunuzi wa Kisiwani Mafia

Pikipiki ni miongoni mwa nyenzo kuu za usafiri katika Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani. Hubeba abiria kutoka bandarini na uwanja wa ndege wa Kilindoni, huwafikisha wageni Utende, huingiza bidhaa katika vijiji vya kaskazini hadi Bweni na, pale gari la wagonjwa linapochelewa, humkimbiza mgonjwa katika Hospitali ya Wilaya. Kazi zote hizo hutegemea matairi mawili, na kila tairi hugusa ardhi kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Tairi linapopasuka katika mwendo, dereva na abiria wake hawana muda wa kujiandaa.

Matoleo mapya ya matairi huingia sokoni kila mara, yakiwemo yanayotangazwa kuwa ni ya safari ndefu. Kwa mmiliki wa bodaboda, bei ya tairi moja huweza kumeza mapato ya siku kadhaa, na kwa mkazi wa kisiwani kurudisha bidhaa mbovu Dar es Salaam ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza. Makala haya yanaeleza namna mwananchi anavyoweza kupima ubora wa tairi jipya kabla ya kulipia, namna ya kulifunga na kulitunza, na hatua za kuchukua iwapo litaonekana kuwa na kasoro.

Maana ya tairi la safari

Jina "tairi la safari" hutolewa na mtengenezaji kueleza matumizi aliyoyakusudia. Si daraja la ubora linalotolewa na mamlaka ya viwango. Kwa kawaida tairi la aina hiyo hutengenezwa kudumu kwa kilomita nyingi juu ya lami na kupitisha maji vizuri wakati wa mvua. Baadhi ya watengenezaji hutumia mpira wa aina mbili katika tairi moja: mpira mgumu katikati, sehemu inayolika zaidi katika mwendo wa kunyooka, na mpira laini pembeni ili pikipiki ishike barabara inapoinama kwenye kona.

Ufundi huo una faida kwa pikipiki kubwa zinazotembea masafa marefu kwenye lami. Mazingira ya Mafia ni tofauti. Barabara ya Kilindoni hadi Utende, yenye urefu unaokadiriwa kuwa kilomita 14, ni ya lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo, mchanga na mawe ya matumbawe. Tairi lenye kashata fupi zilizofungana, ambalo ni zuri kwenye lami, huteleza kwenye mchanga. Tairi lenye kashata ndefu zilizoachana hushika mchanga vizuri, lakini huisha haraka kwenye lami na huongeza umbali wa kusimama lami inapokuwa na maji.

Hivyo, mnunuzi anashauriwa kuanza na swali la njia anazozipita kila siku. Anayefanya kazi kati ya bandari, uwanja wa ndege na Utende anaweza kunufaika na tairi la safari. Anayekwenda Kirongwe, Kanga au Bweni anahitaji tairi la matumizi mchanganyiko, hata kama lile la safari ni jipya zaidi na linasifiwa zaidi.

Toleo jipya na tairi lililotengenezwa karibuni

Wanunuzi wengi huchanganya mambo mawili. Toleo jipya ni muundo ambao mtengenezaji ameuingiza sokoni kwa mara ya kwanza. Tairi lililotengenezwa karibuni ni lile lililotoka kiwandani miezi michache iliyopita, hata kama muundo wake ni wa miaka mingi. Toleo linaweza kuwa jipya ilhali tairi limekaa ghalani kwa muda mrefu, na tairi linaweza kuwa jipya ilhali muundo wake umezoeleka.

Tarehe ya kutengenezwa husomeka ubavuni mwa tairi. Mara nyingi hupatikana mwishoni mwa mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanza na DOT, ikiwa na tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Alama 1525, kwa mfano, humaanisha wiki ya 15 ya mwaka 2025. Alama yenye tarakimu tatu ni ya tairi lililotengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kutumika.

Alama hiyo pia humsaidia mnunuzi kupima maneno ya muuzaji. Iwapo muuzaji anadai kuwa toleo limeingia sokoni mwaka huu, na tairi linaonesha kuwa lilitengenezwa miaka mitatu iliyopita, basi mojawapo ya taarifa hizo si sahihi, na mnunuzi ana haki ya kutaka maelezo kabla ya kutoa fedha. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Jua, joto na mafuta huukausha na kuupasua. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na lisitumike baada ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado zinaonekana.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Kiwanda cha matairi cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na matairi yanayouzwa nchini kwa sehemu kubwa yametoka nje. Kwa sababu hiyo, maandishi ya ubavuni ndiyo maelezo ya kwanza ambayo mnunuzi anayapata moja kwa moja kutoka kiwandani bila kupitia kwa mtu wa kati. Kila mnunuzi anapaswa kuyafahamu.

Kwanza ni ukubwa. Maandishi 3.00-18 humaanisha tairi lenye upana wa inchi tatu linalofungwa kwenye rimu ya inchi 18. Ukubwa lazima ulingane na ule ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko cha mtengenezaji. Tairi pana kupita kiasi linaweza kugusa mnyororo au madigadi, na halikai ipasavyo kwenye rimu.

Pili ni uwezo wa kubeba mzigo na mwendo. Baada ya ukubwa hufuata namba na herufi, kwa mfano 52P. Namba 52 humaanisha kilo 200, namba 47 humaanisha kilo 175, na namba 42 humaanisha kilo 150. Herufi huonesha mwendo wa juu ambao tairi lilipimwa: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, M ni 130, N ni 140 na P ni 150. Herufi hiyo si ruhusa ya kwenda kasi. Ukomo wa mwendo barabarani hubaki ule uliowekwa na sheria.

Tatu ni aina ya ufungaji. Herufi TT humaanisha tairi linalotumia tyubu, na TL humaanisha tairi lisilohitaji tyubu. Rimu za spoku zinazotumika kwenye pikipiki nyingi za biashara huhitaji tyubu, kwa kuwa upepo hupenya kwenye matundu ya spoku.

Nne ni mshale wa mzunguko. Tairi lenye mshale hufungwa ili mshale uelekee upande ambao gurudumu huzungukia linapokwenda mbele. Baadhi ya matairi huwa na mishale miwili, mmoja kwa gurudumu la mbele na mwingine kwa la nyuma.

Tano ni alama ya herufi E yenye namba, ikiwa ndani ya duara. Alama hiyo huonesha kuwa aina hiyo ya tairi imeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Kwa matairi ya pikipiki kanuni husika ni Na. 75. Namba huonesha nchi iliyotoa idhini, na si lazima iwe nchi ya kiwanda: E1 ni Ujerumani na E4 ni Uholanzi.

Sita ni alama TWI, inayoonesha mahali vilipo vinundu vidogo katikati ya mifereji ya kashata. Kashata zikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limefikia mwisho wa matumizi salama.

Hesabu ya mzigo

Namba ya mzigo hupuuzwa na wengi, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya matairi mapya hupasuka mapema. Uchukuliwe mfano wa pikipiki yenye uzito wa kilo 115. Gurudumu la nyuma hubeba takriban kilo 60 za uzito huo. Dereva wa kilo 65 huongeza kama kilo 45 nyuma, na abiria wa kilo 65 huongeza kama kilo 60. Jumla ni kilo 165. Tairi lenye namba 52, yaani kilo 200, linatosha na lina akiba.

Akiongezwa abiria wa pili wa uzito huohuo, kwa mtindo unaojulikana kama mishikaki, au gunia la nazi la kilo 65, gurudumu la nyuma hubeba takriban kilo 230. Tairi limepita uwezo wake kwa kilo 30, hata kama ni toleo bora na limenunuliwa jana. Kwa tairi lenye namba 47, abiria mmoja na mzigo wa kilo 20 tu vinatosha kuvuka kikomo. Ikumbukwe pia kuwa uwezo ulioandikwa hupatikana pale tu tairi linapokuwa na upepo wa kutosha. Aidha, kubeba abiria zaidi ya mmoja ni kinyume cha masharti ya usafirishaji wa abiria kwa pikipiki, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019.

Ngazi tatu za kuamini ubora

Imani katika bidhaa mpya hujengwa kwa ushahidi wa aina tatu, na mnunuzi anapaswa kujua kila mmoja unathibitisha nini.

Ushahidi wa kwanza ni kukidhi viwango. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975 na linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, husimamia ubora wa bidhaa zinazozalishwa na zinazoingizwa nchini. Tangu mwaka 2012 upo utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa, kupitia mawakala walioingia mkataba na TBS. Bidhaa iliyokidhi matakwa hupewa cheti cha ulinganifu, ambacho muagizaji hukitumia wakati wa kuitoa forodhani. Mnunuzi wa rejareja hakabidhiwi cheti hicho, lakini anaweza kumuuliza muuzaji jina la muagizaji. Muuzaji anayefahamu bidhaa yake imetoka kwa nani hulijibu swali hilo bila shida. Hata hivyo, kukidhi kiwango kunathibitisha usalama wa msingi. Hakuelezi tairi litadumu kwa miezi mingapi.

Ushahidi wa pili ni historia ya mtengenezaji. Kampuni ambayo matoleo yake ya awali yametumika kwa miaka kadhaa bila malalamiko makubwa ina jina la kulinda. Mnunuzi anashauriwa kuhakikisha kuwa toleo analooneshwa, pamoja na ukubwa wake, limo katika orodha ya bidhaa zinazotangazwa na mtengenezaji mwenyewe. Tairi lenye jina kubwa lakini la ukubwa ambao kampuni hiyo haiutengenezi ni dalili ya bidhaa bandia.

Ushahidi wa tatu ni uzoefu wa barabarani. Huu ndio ambao toleo jipya haliwezi kuwa nao. Majaribio ya kiwandani hayajumuishi mchanga wa Kanga wala chumvi ya upepo wa bahari. Kwa sababu hiyo, mmiliki wa pikipiki kadhaa hana ulazima wa kubadili matairi yote kwa wakati mmoja. Anaweza kufunga toleo jipya kwenye pikipiki moja, akaandika tarehe na kilomita za siku hiyo, kisha akapima kina cha kashata kila mwezi. Vyama vya waendesha bodaboda vinaweza kukusanya kumbukumbu za aina hiyo na kuzilinganisha. Baada ya miezi michache, wilaya nzima inakuwa na taarifa ambayo hakuna tangazo linaloweza kuitoa.

Dalili za tairi la kutiliwa shaka

Maandishi halisi ya ubavuni hutoka pamoja na mpira kwenye kalibu. Hayabandikwi wala kuchapwa kwa rangi juu yake. Jina lililokosewa herufi, alama ya tarehe iliyokwanguliwa, au taarifa za ubavuni zisizolingana na za kibandiko ni sababu tosha ya kutonunua.

Vinyweleo vidogo vya mpira juu ya tairi huonesha kuwa bado halijatembea, lakini havithibitishi ubora wala umri wake. Weusi unaong'aa kupita kiasi na kuacha rangi mkononi huweza kuficha tairi la zamani lililopakwa dawa. Mnunuzi alikunje kidogo ubavu wa tairi kwa vidole na kutazama iwapo nyufa ndogo zinafunguka, kisha apitishe mkono ndani kutafuta viraka, uvimbe au nyuzi zilizojitokeza. Mifereji isiyo na kina sawa, yenye kingo zilizokatwa kwa kisu, ni ishara ya tairi kipara lililochongwa kashata upya. Kuchonga huko hupunguza mpira unaolinda nyuzi za ndani, na tairi huweza kupasuka bila onyo.

Kuagiza kutoka Dar es Salaam

Wananchi wengi wa Mafia huagiza vipuri kwa simu kutoka Kariakoo na kuvipokea kupitia bandari ya Nyamisati, kwa kivuko cha MV Kilindoni au vyombo vingine. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe picha za ubavu wa tairi lenyewe zinazoonesha ukubwa, namba ya mzigo na alama ya tarehe, wala asitosheke na picha ya tangazo. Makubaliano yaandikwe kwa ujumbe wa simu: jina la toleo, ukubwa, bei, na nani atagharamia nauli iwapo tairi lililofika si lile lililooneshwa.

Risiti ya kielektroniki idaiwe kwa kila ununuzi. Pamoja na kuwa takwa la sheria ya kodi, risiti hiyo ndiyo uthibitisho kuwa bidhaa ilinunuliwa kwa muuzaji fulani, tarehe fulani na kwa bei fulani.

Tairi linaposafirishwa lisikunjwe kwa kamba wala kulaliwa na mifuko ya saruji, na lisiwekwe karibu na mapipa ya petroli au dizeli, kwa kuwa mafuta hulainisha na kuharibu mpira. Likifika likiwa limelowa maji ya chumvi, lioshwe kwa maji baridi na kukaushwa kivulini.

Kufunga na kuanza kutumia

Tairi zuri linaweza kuharibiwa dakika ya kufungwa. Fundi atumie vyuma maalumu vya kufungia matairi na maji ya sabuni badala ya bisibisi, ambazo hubana na kutoboa tyubu. Tairi jipya lifungwe na tyubu mpya ya ukubwa unaolingana. Kwa kuwa hewa ya chumvi huleta kutu ndani ya rimu, kutu hiyo isuguliwe kwa brashi ya waya na utepe unaofunika vichwa vya spoku ubadilishwe. Baada ya kujaza upepo, mstari mwembamba ulio karibu na ukingo wa rimu uonekane kwa umbali sawa pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa sawasawa.

Uso wa tairi jipya huwa laini na wenye utelezi. Katika kilomita 100 hadi 150 za mwanzo dereva anashauriwa kwenda taratibu, kutofunga breki kwa ghafla na kutoinamisha sana pikipiki kwenye kona. Kwa Mafia, umbali huo ni sawa na safari nne hadi tano za kwenda na kurudi kati ya Kilindoni na Utende.

Upepo upimwe angalau mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa la baridi, kwa kufuata kipimo cha kitabu cha pikipiki. Wapo madereva wanaopunguza upepo ili kupita mchangani. Anayefanya hivyo akumbuke kuurudisha kabla ya kuingia lami, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata joto, na joto ndilo hulegeza nyuzi za ndani.

Haki za mnunuzi na mahali pa kulalamika

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya taarifa za upotoshaji kuhusu bidhaa. Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya sheria hiyo, pia hushughulikia bidhaa bandia kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa. TBS hupokea malalamiko kuhusu bidhaa zisizokidhi viwango.

Mwananchi anayebaini kasoro anashauriwa kusitisha mara moja matumizi ya tairi hilo na kulihifadhi bila kulitupa wala kulikata. Apige picha za kasoro na za maandishi ya ubavuni, aambatishe risiti, kisha aanze kwa muuzaji. Pasipopatikana suluhu, suala lifikishwe kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, ambaye ataelekeza lipelekwe TBS au FCC kulingana na aina ya tatizo. Palipotokea ajali, taarifa itolewe Polisi kabla ya pikipiki kutengenezwa, ili chanzo kichunguzwe.

Ni vema pia kutofautisha kasoro ya kiwandani na matokeo ya matumizi. Uvimbe ubavuni siku chache baada ya kufunga, kashata zinazobanduka vipandevipande, au tairi lisilo la mviringo kamili ni dalili zinazostahili malalamiko. Kashata zilizolika pembeni pekee mara nyingi hutokana na upepo mdogo, na zilizolika katikati pekee hutokana na upepo uliozidi.

Mnunuzi anayesoma tarehe, ukubwa na namba ya mzigo, akadai risiti na kupima upepo kila wiki, amejilinda kwa sehemu kubwa bila gharama ya ziada. Ukaguzi huo huchukua dakika chache dukani, nao unamlinda pia abiria anayepanda nyuma, ambaye hakushiriki katika kuchagua tairi.